Kapasita ya Redio ya Bibi

Mwezi uliopita nilirudi Songea, nikasali katika kanisa la Msamala. Kinanda kilipoanza kwa ile sauti nene ya chini, watu walisimama kuimba. Mimi nilipandwa na hasira ya zamani, na leo acha nikueleze ilikotoka.

Nililelewa na bibi kijijini Maposeni. Jioni tulipukuchua mahindi, dagaa wa Nyasa wakinukia jikoni, redio yake ikisoma matangazo ya vifo. Simu hatukuwa nayo. Habari za ndugu zake wa Madaba zilimfikia kwa redio hiyo. Matangazo yakianza, ole wako ukohoe.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa akiunda kinanda kwa vipuri vya redio mbovu. Maneno yake yalikuwa matamu kuliko togwa. Alitueleza kuwa kila sauti ina kapasita yake, kipuri kidogo cha kutunza umeme: inajaa umeme, inaumwaga, inajaa tena. Ndogo hujaa upesi, sauti ikawa nyembamba. Kubwa hujaa taratibu, sauti ikawa nene.

"Imebaki sauti ya chini kabisa," aliniambia siku moja. "Kapasita yake imo kwenye redio ya bibi yako. Niazime mpaka Pasaka ipite, nitairudisha mwenyewe. Bibi hatajua."

Nilimwamini. Bibi alipokwenda shamba nilimpelekea mwalimu redio, akaing'oa kapasita ya karibu na spika, nami nikairudisha redio kabatini ikiwa bubu. Siku ya Pasaka kinanda kiliunguruma, bibi akapiga vigelegele. Wiki iliyofuata mwalimu alihama na kinanda chake, hata kuaga hakuaga.

Bibi alidhani ni betri. Alizianika juani, akazigeuza kama anayeanika mihogo. "Zitapata nguvu tu," alisema. Nami nikamsaidia kuzigeuza.

Kisha akaja mgeni kutoka Madaba kutoa pole. Kaka wa bibi alikuwa amekwisha kuzikwa, na tangazo lilisomwa redioni siku tatu.

"Siku tatu naitwa," bibi alisema, "na sikuitika."

Siku hizi msiba unafika kwa simu kabla machozi hayajakauka, na nyumba ile ya Maposeni imebaki msingi. Mwalimu alinisaliti, na sijamsamehe. Lakini mimi aliyenisaliti namjua. Bibi alikufa bila kumjua aliyemsaliti yeye, na kila siku alimpakulia chakula.