Mbwa wa Mwalimu kwenye Mchanga wa Kajaga

Siku yangu ya kwanza studio, patron, mwenye studio, hakunipa kamera. Alinipeleka chumba cha giza, tulikosafishia filamu, akasema, "Kwanza ujue kusafisha. Kubonyeza, kila mutu anaweza."

Miaka ile ya vita tulipiga zaidi picha ndogo za vitambulisho, maana bila kitambulisho hukupita kizuizi cha askari. Mipaka ilipofungwa filamu zikawa adimu, na patron akazifungia kabatini.

Ndipo akaja mwalimu mmoja mstaafu wa mtaa wa Mutakura akiwa na mbwa mweusi mwenye mguu mmoja mweupe. Alitaka wapigwe picha pamoja, Kajaga, kwenye ufuko wa ziwa.

"Imbwa naye anatafuta kitambulisho?" patron akauliza.

Mwalimu hakucheka. Mkewe alikimbilia Uvira, ng'ambo ya ziwa, mtaa wao uliposhambuliwa, na huko aliambiwa mumewe amekufa. Salamu alizotumiwa hakuziamini.

"Picha yangu peke yangu atasema ni ya zamani," mwalimu alisema. "Lakini huyu imbwa alimuacha angali mutoto. Akimuona mukubwa hivi, pembeni yangu, atajua niko muzima. Na Kajaga ndiko tulikuwa tunatembea kila Jumapili."

Patron alitoa funguo mfukoni. Kisha akafungua kabati, akanipa kamera yenye filamu iliyokaribia kwisha. "We uende. Upime mwanga kwa imbwa, usipime kwa maji."

Maji ya ziwa hung'aa. Ukiyafuata, mnyama mweusi hutoka kama doa la wino.

Kizuizini, askari aliuliza kamera ilikuwa ya nini. Nilipomjibu alimtazama mbwa, halafu mwalimu. "Mupite," alisema. "Lakini mutoke huko mapema."

Ufuko ulikuwa mtupu na mzuri sana. Ng'ambo ilionekana milima ya Congo, na chini yake Uvira. Mwalimu alitembea kando ya maji, mbwa akafukuza ndege. Nilipiga mara mbili, nikajua picha zote mbili zimetikisika.

Ghafla risasi zikasikika upande wa pori la Rukoko. Mbwa alirudi mbio, akajibana kwenye mguu wa bwana wake. Mwalimu akainama, akamwekea mkono kichwani. Nilizuia pumzi nikabonyeza. Kisha tukaondoka upesi.

Picha hiyo ndiyo iliyotoka safi. Mama mmoja muuza vitenge, aliyepita njia za panya, aliivusha hadi Uvira.

Baada ya miezi kadhaa, mwalimu aliingia studio na mkewe. "Imbwa bado ananibwekea," mkewe alituambia. "Haiko neno. Atanizoea."

Sasa nimestaafu. Vijana hupiga picha nyingi kwa simu, na nyingine ni nzuri kuliko zangu. Wakiniomba niwaonyeshe picha ninayoipenda kuliko zote, sina. Negativu yake, ile filamu ya asili, ilipotea studio ilipohama. Nilikwenda Mutakura kumwomba mke wa mwalimu aniazime picha yake, nitengeneze nakala.

"Apana, mwanangu," alisema kwa upole. "We ukae hapa uiangalie mpaka utosheke. Lakini haitoki tena mu nyumba hii."

Nikakaa, nikaiangalia.