Kaburi la Ndege, Jette

Mama yangu alifariki Lubumbashi mwezi wa kumi na moja, wakati karatasi zangu za ukaazi hapa Ubelgiji zilikuwa bado zinashughulikiwa. Sikuweza kusafiri. Nilisikiliza maziko kwa simu nikiwa kazini, nimekalia ndoo iliyopinduliwa katika chumba cha vifaa vya usafi, kisha nikarudi kupiga deki. Sikulia. Siku zilizofuata nilikula, nikalala, nikapanda tramu. Sikumwambia mtu.

Januari, jirani yangu wa ghorofa ya chini aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono. Alikuwa bibi wa Kibelgiji aliyewahi kufundisha shule Likasi, mji ulio jirani na Lubumbashi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu. Aligonga mlango wangu.

"Maman, mukono imevunjika. Utanisaidia kutiya chakula ya ndege? Beko na njaa."

Basi kila asubuhi nikawa naweka mbegu za alizeti bustanini kwake kabla ya kwenda kazini. Kila Jumapili alikuja rafiki yake, fundi mstaafu wa reli, na sote watatu tulikaa kwenye dirisha la jikoni saa nzima tukihesabu ndege. Wao walitaja, mimi niliandika. Ilinifaa. Mtu anayetazama ndege hakutazami wewe.

Jumapili ya tatu, mésange mmoja, ndege mdogo wa kichwa cha buluu na kifua cha njano, alijigonga kwenye kioo. Nilitoka nikamwokota. Alikuwa bado na joto. Alifungua mdomo mara mbili, shingo ikalegea. Fundi alitoka nyuma yangu, akaniambia kwa upole, kwa Kifaransa, nimtupe kwenye pipa la taka.

"Hapana," nilisema.

Nilichukua kijiko cha supu nikaanza kuchimba. Ardhi ilikuwa imeganda; kijiko kikapinda. Niliendelea. Jirani yangu akatoka na birika katika mkono wake mzima, akamwaga maji ya moto pale nilipochimba, akarudi kuchemsha mengine. Alifanya hivyo mara tatu, mpaka shimo likatosha, nikamlaza ndege humo.

"Unalia, maman?"

"Hapana. Mama yangu alikufa mu novembre. Sikumuzika."

Aliweka birika chini. "Alikuwa na myaka ngapi?"

"Soixante-et-un." Sitini na mmoja.

Fundi hakujua Kiswahili. Alielewa "novembre" na namba hiyo tu, akavua kofia.

Jirani akaanza Baba Yetu, kwa Kiswahili, pale pale kwenye baridi. Nikaitikia. Midomo yangu iliyajua maneno, sikuhitaji kufikiri. Tulipomaliza tuliingia ndani tukanywa kahawa, na hakuna aliyenibembeleza.

Karatasi zilitoka mwezi wa sita. Nilikwenda Lubumbashi, dada yangu akanipeleka kwenye kaburi la mama. Alilia sana. Mimi nilichuchumaa nikang'oa magugu mpaka yakaisha, kisha nikamuuliza kama kulikuwa na bomba karibu, ninawe mikono.