Njiwa wa Stesheni

Mama yangu alikuja Toronto kutoka Tanga mwaka ule niliopasuliwa tumbo, na siwezi kumdanganya mtu kwamba nilifurahi. Tulikaa Scarborough, chumba kimoja. Nilikuwa nafagia stesheni ya treni ya chini ya ardhi, tena bado niko kwenye majaribio. Kosa moja tu, kwaheri kazi.

Kila alasiri alipanda basi akanifuata huko, kanga kajitanda juu ya koti. Alipenda ukuta wa vigae uliochorwa ndege wakubwa wa kila rangi. Chini yake njiwa wa kweli walizurura wakidonoa makombo. Walikuwa wakishuka ngazi wenyewe kama abiria. Siku moja akaniuliza ni wa nani. Nikamjibu kwa uchovu kwamba hawana mwenyewe.

Kwetu mtu aliyepasuliwa hunyweshwa supu ya njiwa apate nguvu. Mimi nilishasahau. Kesho yake nikasikia watu wanacheka. Mama amepiga magoti chini ya ule ukuta, kanga kaitupa juu ya njiwa, anamfunga mabawa taratibu, na vijana wanampiga picha kwa simu. Mmoja akambwekea. Hakuna aliyempa mkono ainuke.

Msimamizi wangu akaja mbio. Akauliza huyu bibi ni nani, kisha akanigeukia mimi, maana weusi pale tulikuwa wawili tu: unamjua?

Mama akaniona. Akatabasamu, akamwinua njiwa anionyeshe.

Nikatikisa kichwa, nikasema simjui. Kiingereza hakukijua, lakini kutikisa kichwa ni kulekule hata Tanga.

Walinzi wawili wakaja, wakamnyang'anya njiwa. Wakamshika mikono, huyu huku na huyu huku, wakampandisha ngazi hadi nje kwenye theluji. Kanga ilibaki sakafuni. Niliifagia pamoja na manyoya, nikaitia kwenye mfuko wa taka, kwa sababu msimamizi alikuwa bado ananitazama. Jamani, nilikuwa na roho mbaya. Kazi nikabaki nayo.

Jioni nikakuta nyumbani supu ya kuku wa dukani. Mama alininawisha mikono, akanisogezea kiti, kile kimoja tulichokuwa nacho, yeye akasimama.

"Karibu, mgeni," akasema.

Alikaa kwangu miezi minne mingine. Hakuniita mwanangu tena.