Mtani Ndani ya Koti la Baba

Siku ya tatu ya matanga ya baba, mama alikuwa hajatia kitu kinywani ila maji. Alikaa kwenye mkeka katika chumba chetu cha kupanga Kariakoo, akitazama mlango. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo kikuu. Nilijiuliza mtu huishi siku ngapi bila chakula, kisha nikaogopa kwamba kuwaza hivyo tu kungemuua.

Nguo za baba nilikuwa nimezifungia sandukuni ili mama asizione. Adhuhuri ile nilipapasa mfuko, ufunguo haupo. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ameuchukua bila kuniambia.

Mlangoni kukasikika kikohozi. Kifupi, kifupi, kisha kirefu. Kikohozi cha baba. Wanawake waliokaa na mama wote waligeukia mlango.

Aliingia mtu akiburuza mguu wa kushoto kama baba, koti la kahawia nililolifungia sandukuni limemmeza mabega, kofia imeshuka hadi machoni. Nilijua ni mwanamke mmoja anayeuza dagaa sokoni. Kabila lao na letu ni watani, na msibani mtani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu. Nilijua yote hayo. Hata hivyo nilisogea kumpisha, kama nilivyozoea kumpisha baba.

"Mama watoto, chai iko wapi?"

Nilitaka kumtoa nje. Shangazi alinishika mkono. "Mwache. Hii si kazi ya digrii."

Mama alimtazama kuanzia kofia hadi miguu. Sauti yake ilitoka kavu. "Chai gani? Duka la ushirika halijaleta sukari, wiki ya pili sasa. Ungekuwepo ungepanga foleni."

"Nilikotoka hakuna foleni. Hata ule unga wa njano wa msaada hakuna. Nina njaa."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Ugali ukaletwa. Mtani alimega tonge, akamtilia mama mkononi.

"Unajua siwezi kula peke yangu."

Mama alilitazama lile tonge, akalitia kinywani, akatafuna huku machozi yakimdondoka.

"Mwenyewe hakuwa akitafuna kwa kelele hivyo," akasema.

"Huko ndivyo tunavyotafuna." Kofia ikanigeukia, macho sikuyaona. "Na wewe msomi, umeona mzimu? Nawa, ule."

Nilinawa. Nilikaa upande wa pili wa mama, mahali ambapo mkono wa koti lile usingenigusa. Mama alinyoosha mkono, akamega tonge lingine mwenyewe.