Taulo Sita Mwilini

Chekeni sasa hivi mmalize, ili nikianza mnisikilize, maana aibu hii nimeikalia miezi minane, na mke wangu Mwanaisha kule Likoni hadi leo hajui kwamba mumewe aliyekuja Dubai kulinda mlango wa hoteli anarudi chumbani Al Qusais akinukia sabuni ya kufulia.

Mimi ni mtu mkubwa. Kilo mia na ishirini na tano, shingo sina. Nilipokuwa chuo cha ualimu walinitia kwenye timu ya raga bila hata kuniuliza, wakanipanga safu ya mbele, pale pa kusukumana, nikapigwa picha nimevaa jezi na mikono nimeikunja kifuani, na ile picha ndiyo iliyofanya kazi yote, kwa sababu uwanjani kwenyewe (hili sijawahi kumwambia mtu) niliingia mechi moja tu, dakika kumi na mbili, nikatoka nimeshika sikio na sikurudi tena. Naogopa kugongwa. Tangu utoto naogopa, lakini ukiwa na mwili huu nani atakuuliza? Picha ikatoka kwa binamu yangu ikamfikia Kaka Omari, mtu wetu wa Mombasa, msimamizi wa walinzi kwenye hoteli moja ya Al Muraqqabat, naye akampelekea Madam Rima, meneja, akamwambia huyu namdhamini mimi, kwetu huyu ni ukuta. Na mambo ya kudhaminiwa huku mnayajua, ukiharibu hujajiharibia peke yako, umemharibia aliyekushika mkono na wote wanaongoja nyuma yako.

Nikawekwa kwenye majaribio pamoja na Okello, Mganda wa Gulu, mwembamba, mpole, mtu ambaye ukimkuta kwenye lifti hukumbuki kama ulimwona. Nafasi ya mlangoni ilikuwa moja. Atakayeipata anabaki, atakayeikosa viza inafutwa, khalas, nyumbani. Mimi nilimtazama Okello nikamwonea huruma, na sasa hivi nikikumbuka ile huruma najionea haya.

Mwalimu wetu aliitwa Sir Dan, Mmarekani wa miaka hamsini na kitu, mkubwa kuliko mimi, anachechemea mguu wa kulia. Ujanani alicheza ule mpira wao wa kuvaa helmeti, akiwa mmoja wa yale majitu ya mstari wa mbele ambayo mpira wenyewe hata hayaugusi, kazi yao ni kuzuia wenzao kwa miili. Chuoni alikuwa nyota, watu walikuwa wanaimba jina lake. Akachukuliwa na timu ya kulipwa, wote wakangoja maajabu, akadumu msimu mmoja. Goti, alituambia, akilipiga kofi. Siku ya kwanza alitutazama, mimi akanitazama zaidi, akasema:

"Nimewaona wengi waliokuwa wafalme chuoni. Kule unasukumana na wanafunzi wenzako. Ukifika kazini unakutana na wanaume wanaolisha familia, na hapo ndipo mwili wako unapoulizwa maswali."

Okello akaandika kwenye daftari.

Mtihani wa mwisho ulikuwa rahisi kuueleza. Unasimama kwenye mstari mweupe wa maegesho ya magari nyuma ya hoteli, Sir Dan anavaa yale mabega yake ya plastiki ya zamani, anakujia mbio, anakugonga. Kuanguka si kosa, alisema, kosa ni kuuacha mstari. Na ili tuelewe, siku moja kabla alisimamisha godoro kwenye nguzo akaligonga, na ule mshindo (wallahi mpaka sasa nausikia) ulinifanya nijikute naulizia bei ya tiketi ya Mombasa kwenye simu kabla hata sijafukuzwa.

Asubuhi ya mtihani nilishuka chini kubadilisha nguo, nikapita chumba cha kufulia. Nakato, dada wa Kiganda anayekisimamia, alikuwa ameenda kunywa chai. Kitoroli kimesimama pale, kimejaa taulo kubwa nyeupe, nzito, jina la hoteli limetariziwa pembeni kwa uzi wa bluu. Nikajisemea, Sir Dan mwenyewe si anavaa mabega? Kwa nini nisivae yangu? Nichukue, nigongwe, nirudishe kabla chai haijapoa. Nikachukua sita. Mbili bega la kulia, mbili la kushoto, mbili tumboni, nikazizungushia selotepu ya maboksi, juu yake shati, juu ya shati koti jeusi la kazi. Huo ndio uamuzi wenyewe, ndugu zangu, haukuchukua dakika tano.

Sasa huo ulikuwa mwezi wa Agosti. Kutoka nje tu jasho likaanza, taulo zikalinywa, zikawa nzito, selotepu ikaanza kuachia. Madam Rima amesimama kivulini na mafaili yake, wafanyakazi wamejaa ukutani, Kaka Omari akanipiga begani akashangaa, akasema kwa furaha ya kweli kwamba leo nimejaa, mashallah. Akamgeukia Madam akamwambia, si nilikwambia. Hapo nilitamani kulia.

Okello akaitwa kwanza. Akasimama kwenye mstari, Sir Dan akamjia, akamgonga, Okello akaruka akaanguka chali, akainuka, akajifuta vumbi, akaenda kusimama palepale. Watu wakapiga makofi.

Kisha mimi. Niliuona mstari mweupe chini ya viatu vyangu, nikamwona Sir Dan akianza kuja, mguu hauchechemei tena, anakuja tu, ardhi inatetemeka, nikapiga shahada, nikafumba macho, na nilipoyafumbua nilikuwa tayari nimeshafika kwenye kona ya jengo. Nilikimbia. Mimi ukuta, nilikimbia, na nyuma yangu taulo ya kwanza ikadondoka kutoka chini ya koti, kisha ya pili, nasikia watu wanaita, nazidi kukimbia, nikazunguka jengo hadi mbele ya hoteli nikajitupa kwenye mlango ule wa kioo unaozunguka. Taulo ya tumboni ilikuwa inaburuzika. Ikanasa chini ya mlango. Mlango ukagoma.

Nikabaki ndani ya kioo. Upande mmoja wageni wa mapokezi, upande mwingine familia ya Kiarabu inayongoja kuingia, baba, mama na watoto wanne, na wale watoto wametoa simu. Nami katikati, shati limefunguka, taulo yenye jina la hoteli inaning'inia shingoni, inadondosha jasho. Nilimwona Madam Rima akifika na simu sikioni na nikajua anaita polisi, kwa sababu nchi hii mali ya mtu haichezewi, na mimi nilikuwa nimeivaa. Nikakaa chini humo humo ndani ya kioo, nikamsubiri fundi dakika ishirini, nikamwomba Mungu fundi asije.

Ofisini nilimkuta Nakato ameshafika, ameitwa kwa sababu taulo sita zilikuwa zimekosekana kwenye hesabu yake, na karatasi ya kukiri kwamba ni yeye aliyezitoa iko mezani, kalamu iko juu yake. Alikuwa hajasikia yaliyotokea nje. Akaniona nimelowa, akanong'ona, "Bwana, wewe wamekukamata na nini?" Na hofu yangu yote ya kugongwa ikawa si kitu mbele ya ile kalamu.

"Madam, ni mimi," nikasema. "Yeye hajui lolote. Nilizichukua nizivae, nilikuwa naogopa."

"Ukiogopa nini?"

"Kugongwa, Madam."

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru wangecheka. Kaka Omari aliangalia zulia, akaomba ruhusa, akatoka. Madam akaikunja ile karatasi ya Nakato akaitupa, akasema polisi hataita, ila mlango ni wa Okello, na huko chini wanahitaji mtu wa kunyanyua nguo zilizolowa, nikitaka. Nikataka. Kaka Omari alimaliza mwezi mzima akiitikia salamu yangu tu basi, na Nakato siku ya kwanza alinikabidhi kitoroli akaniambia, "Za leo utahesabu wewe."

Wiki ya tatu, mchana, Nakato yuko ghorofani, Sir Dan akashuka chumba cha kufulia. Akafunga mlango nyuma yake. Mimi nikarudi nyuma mpaka kwenye mashine (tabia haifi). Akaokota taulo, akaigeuza geuza, akaniambia bila kunitazama:

"Goti langu ni zima. Siku nilipomwona yule mtu niliyepangwa kumzuia, nilisema nimeumia. Ni miaka thelathini sasa. Wewe ulimwambia meneja mbele ya watu."

Akairudisha taulo mahali pake, akaikunja vizuri kuliko ninavyokunja mimi, akatoka, akaenda hadi kwenye lifti akitembea sawasawa. Lifti ikafunguka, ndani wamo wafanyakazi wawili wa jikoni. Sir Dan akaingia akichechemea.

Tangu siku ile nimeapa sitapigwa tena picha nimekunja mikono. Na nimewasimulia nyinyi kwanza ili niuzoeshe mdomo wangu. Ijumaa nampigia Mwanaisha.