Dobi na Shumizi ya Malkia

Dada yangu ni dobi wa hospitali, mwaka wa kumi na tisa huu, na sijawahi kumsikia akisifu kitu. Mashuka yananuka, madaktari wachafu, mimi mdogo wake sijui kukunja hata leso. Basi mgonjwa mmoja aliporuhusiwa akasahau riwaya kitandani, kitabu kinene cha malkia wa zamani wa Uhispania, nikajua huyo malkia kwisha habari yake.

Alikuwa akisoma mashine zikizunguka, miguu juu ya ndoo, ananisomea na mimi kwa midomo iliyobetuka. Sura ya tisa ndiyo iliyompandisha mori. Malkia anaapa mbele ya jeshi lake kwamba hatabadilisha shumizi mpaka mji wa adui uanguke.

"Eti nini?" Dada akapiga kitabu pajani. "Miezi na miezi! Halafu huyu mwandishi anasema akipita ananukia waridi. Waridi, jamani! Hajawahi kufungua kapu la nguo chafu la Jumatatu huyu. Na wanaolala naye hema moja, je? Unajitesa, unatesa na watu wako, halafu unajiita shujaa. Ukaidi mtupu!"

Nilicheka, kisha hasira zikanipanda. Maana dada yangu huyu huyu, tangu kaka yetu amwite mchoyo mbele za wakwe, ameapa hakanyagi kwa kaka mpaka aombwe radhi. Na mama yetu mgonjwa anakaa kwa kaka. Miezi minane sasa.

"Na wewe, je?" nikamwambia. "Kila nikienda mama anakuulizia, wewe umekaa hapa unamcheka malkia! Mwenzio alikuwa anangoja mji mzima. Wewe unangoja neno moja la kaka, na kaka naye kichwa kigumu vilevile!"

Nilitegemea kofi. Akasonya, akafungua mashine, akaanza kutoa mashuka.

"Koma," akasema. "Mimi mkubwa wako."

Jumamosi akaenda. Nilikuwepo. Kaka alimsalimia nusunusu, dada akamwitikia nusunusu, akapitiliza hadi chumbani kwa mama. Mama alikuwa amekonda. Akamtazama sana, akajisogeza ampishe nafasi.

"Karibu, bibie. Umetumwa na nani?"

"Mama, ni mimi."

"Ninaye binti yangu, dobi wa hospitali. Ukimwona mwambie aje, nimechoka kumngoja."

Dada akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nitamwambia," akasema.