Siku Keria Yangu Iliposhika Waya za Makina

Kuna watu hapa Makina, ndani ya Kibera, mpaka leo wakiniona nikija na gari wanaangalia juu kwanza, kwa waya, halafu ndio wananisalimia, na mimi najifanya sioni kwa sababu nitasema nini. Nimeamua kuisimulia mwenyewe, maana juzi niliisikia ikisimuliwa kwa kinyozi, mimi nikiwa nimekaa palepale na povu kidevuni, na yule jamaa alikuwa ameongeza hadi zimamoto, ambao hawakuja kabisa. Ukweli wenyewe unatosha kuniaibisha bila kuongezewa.

Kwanza mjue pikap yangu ni ya stima, ile ndogo ya kuchaji kwa ukuta kama simu, na shida yake kubwa si betri, ni kimya. Haingurumi. Ukija nayo nyuma ya mtu hapa Kibera hakupishi, anashtuka tu bampa ikiwa imemfikia magotini, na akishashtuka anakucheka. Pale tunapoegesha tukingoja mizigo, wenye pikap za dizeli walikuwa wananiita Toi, yaani gari la watoto la kuchezea. "Toi, leo umelala na betri kitandani?" Kila asubuhi, mtu mzima wa miaka thelathini na nane. Nilikuwa nacheka nao lakini iliniuma, na (wacha niseme tu) mkasa wote ulianzia hapo, kwenye hiyo roho iliyouma, waya zilikuja baadaye.

Sasa, dada yangu Halima ndiye alinilea. Mama alituacha nikiwa darasa la tatu, na Halima, ambaye mwenyewe alikuwa msichana tu, akaacha shule akakaa chini na kusuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi rangi vyetu sisi Wanubi, akauza, nikasoma. Wachumba walikuja, akawaambia wangoje Rama amalize shule, wakangoja, wakachoka, wakaoa kwingine. Watu wakaanza kusema amezeekea nyumbani, na walikuwa wanasema akiwa anasikia. Halafu mwaka jana, na miaka yake arobaini na sita, akaposwa na mwanamume wa Kawangware aliyefiwa na mke, mtu mpole, haongei sana. Na kwetu vitu vya bibi harusi havifichwi kwa gunia. Vinabebwa wazi, mchana, mtaa uone, na watu wa bwana nao waone mwanamke hakuja mikono mitupu. Halima alikuwa na tabaga kumi na mbili ambazo hakuwahi kuuza hata moja, alizisuka za kwake, miaka yote hiyo ya kusemwa. Akaniambia kitu kimoja tu. "Rama, hivyo vingine beba vile utaweza. Tabaga zangu zionekane."

Nikasema hiyo ni kazi ndogo, nikaenda kutafuta keria ya kufunga juu ya gari.

Fundi wangu ni Kamau, ana kibanda cha kuchomelea vyuma pale Riruta Satellite, na tumejuana tangu enzi za kucheza mpira bila viatu. Siku hiyo alikuwa na keria mbili za kunitosha. Moja ilikuwa ya alumini, bapa, imelala chini kabisa juu ya kichwa cha gari, mtu mmoja anainua kwa mkono. Nyingine ilikuwa ya chuma, nyeusi, ina miguu mirefu na reli pembeni na pembe nne zimesimama mbele na nyuma kama kitanda cha hospitali, na alikuwa ameitengenezea gari kubwa la safari, na mwenyewe hakurudi kuichukua. Niliiona hiyo tu. Hata ile ya alumini sikuigusa.

Kamau akapangusa mikono akaanza kunieleza polepole, vile anaelezea kila mtu. "Skiza boss. Hii gari yako ni ya betri. Kila kilo unaweka juu inakula chaji, na ukiinua mzigo hivyo hata upepo unakula chaji. Halafu wewe unaishi Kibera, si Karen. Hizo waya za kwenu unazijua."

"Kwani wewe unaniuzia ama unanikataza?" nikamwambia.

"Nakuambia tu."

"Basi niambie ukiwa unafunga nati."

Nilimjibu hivyo mbele ya wafanyakazi wake. Akafunga hiyo keria ya chuma, akaikaza, akaitingisha aone kama imeshika, na nikaondoka bila hata kumuuliza watoto wako aje. Nilipofika pale pa kuegesha wale wa dizeli walinyamaza wote (ilikuwa mara ya kwanza), mmoja akazunguka gari akasema sasa hii ni gari, na nilifurahi kama mjinga. Chaji ilikuwa imeshuka vibaya kutoka Riruta mpaka hapo. Niliona, nikajiambia nitachaji nyumbani.

Jumamosi yenyewe ya kupeleka vitu jua lilikuwa kali na Makina imejaa. Kitanda, kabati na masufuria tukaweka nyuma, halafu mimi mwenyewe nikapanda juu nikapanga zile tabaga kumi na mbili kwa keria, nikazifunga kwa riboni kwa zile pembe za chuma, nyekundu kando ya kijani kando ya njano, na ukisimama mbali zilikuwa zinapendeza mpaka shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mnene aliyekuja kutoka Kawangware kusindikiza vitu, akapiga kigelegele kabla hata hatujamaliza. Halima alikuwa mlangoni na hina mikononi, amesimama, anaziangalia. Sijawahi kumwona ametulia vile.

Na hapa lazima niwaambie kuhusu Odhis. Odhis anakaa Kisumu Ndogo, na kazi yake, kazi anayojulikana nayo, ni kupanda juu ya lori au pikap yoyote yenye mzigo mrefu akiwa na fimbo kavu yenye panda, na kuinua waya moja moja gari ikipita. Kwa sababu waya zetu nyingi ni za sambaza, za kuungwa na jamaa wa mtaa, zinapita pale zinapoweza, zingine unaweza kuzigusa ukiwa umesimama kwa stuli. Hakuna dereva wa Kibera mwenye akili anaingiza mzigo wa kwenda juu bila mtu wa fimbo. Hilo halifundishwi, unazaliwa ukilijua. Odhis akaja na fimbo yake begani, akaweka mguu mmoja juu ya bampa.

"Rama, nipande?"

Nikaangalia hizo tabaga, nikamwangalia yeye na viatu vyake vya matope na fimbo yake, nikaona ataharibu picha. Watu walikuwa wametoa simu. "Leo hakuna mzigo Odhis, ni keria tu. Shuka twende ukale pilau."

"Keria si pia iko juu?" akauliza. Lakini akashuka.

Sikufika mbali. Nyumba nne tu kutoka kwetu nilisikia kitu kinavutika, nikadhani ni riboni, na badala ya kusimama nikakanyaga (pikap ya stima ukikanyaga haingoji, inaruka), na hapo nikasikia mlio kama wa mafuta ya mandazi yakimwagikiwa maji, halafu cheche zikaanza kunyesha mbele ya kioo. Pembe ya keria ilikuwa imeshika fundo zima la waya, zile kuukuu, zilizoungwa kwa karatasi ya nailoni, na nyuma nguzo ya mbao ilikuwa imeinama inanifuata.

Nikashika mlango nishuke. Mtaa mzima ukasema kwa sauti moja, "Usishuke!"

Odhis alikuja mpaka mbele ya kioo, mbali kidogo, akaniongelesha kwa upole kama mtoto. Gari lote lina stima, akasema. Ukiweka mguu chini na mkono uko kwa gari, umeenda. Kaa hivyo hivyo. Usiguse chuma. Basi nikakaa, mikono kwa mapaja, kwenye suti, kwenye gari ambalo halitoi hata sauti, na watu wakajipanga pande zote mbili kama wanaangalia mpira. Wale wa dizeli walikuwepo. Mmoja aliita, "Toi inachajiwa," na kicheko kikatoka huko nyuma mpaka mbele, na nikakisikia chote.

Halafu kicheko kikakatika, nikashangaa kwa nini, mpaka nilipoona moshi ukishuka kwenye kioo. Tabaga ni majani makavu na uzi. Kwa maji hawangeweza, na waya ziko moto, kwa hiyo walikimbiza mtu amtafute yule jamaa wa sambaza akate stima huko inakotoka, na yeye alikuwa kwa mazishi ya mtu, na mimi nilikaa chini ya huo moto nikihesabu. Nilikuwa nasikia kila moja ikishika. Riboni zilikuwa zinaanguka mbele yangu zikiwaka. Halima alikuwa amekuja mpaka kwa Odhis, na Odhis alikuwa amemshika mkono asisogee, na hakuwa analia, alikuwa anaangalia juu ya kichwa changu tu. Hakuniangalia mimi hata mara moja.

Stima ilipokatwa, ilikatika Makina nzima, saluni, kinu cha kusaga unga, muziki wa harusi yetu wenyewe. Wakarusha mchanga juu, moto ukafa. Nikashuka na pikap ikakataa kuwaka, imeandika kitu chekundu kwa skrini yake, na hakukuwa na pa kuichaji kwa sababu stima nilikuwa nimeikata mimi. Nikaenda kwa Halima nikaanza, "Dada, mimi..."

"Nyamaza Rama," akasema. "Leo nyamaza."

Vitu vyake vilienda Kawangware kwa mkokoteni. Kutoka Makina mpaka kwa bwana yake, kitanda na kabati kwa mkokoteni, na yule shangazi mnene akitembea nyuma na mkoba wake, hakupiga kigelegele tena. Odhis ndiye aliusukuma.

Mimi nilibaki na gari. Jioni Kamau akaja, sijui nani alimwambia. Mashine yake ya kukata hangetumia bila stima, kwa hivyo alikuja na msumeno wa chuma wa mkono, akapanda, akaikata hiyo keria mguu kwa mguu, jasho likimtoka, mbele ya wale wote waliokuwa wamebaki kunisubiri nione haya. Nilingoja aniambie "nilikuambia." Hakuniambia. Alinikabidhi vile vyuma, akasema "Haya boss," akaenda, na tangu siku hiyo ananiita customer.

Siku hizi pikap yangu haina keria, wala haitakuwa nayo nikiwa hai. Mzigo ukizidi bodi namwambia mwenye nao atafute mwingine, na wale wa dizeli wakiniita Toi naitika.

Kati ya zile kumi na mbili ilipona moja, nyekundu, imeungua upande. Halima aliichukua. Nikienda kwake Kawangware Ijumaa anatupikia, na sahani ya bwana yake anaifunika kwa kile kifuniko cha plastiki cha dukani. Yangu anaifunika kwa hiyo tabaga. Anaiweka tu mbele yangu, anaenda kuleta maji tunawe. Nikiifunua vidole vinashika masizi, na mimi nilishanawa. Sirudi kunawa. Nakula hivyo hivyo.